Perlo, askofu wa Nyeri aliyependa kamera

Siku hizi picha ni kubonyeza simu tu, na chai haijapoa tayari marafiki wameiona. Filippo Perlo hakuwa na bahati hiyo. Padre huyu Mwitaliano, aliyezaliwa Caramagna, Piemonte, mwaka wa 1873, alifika Tuthu kwa Chifu Karuri wa Gakure mnamo Juni 1902, pamoja na wenzake watatu wa shirika la Consolata. Na jamaa alipenda kamera sana.

Kamera ya enzi hizo ilitumia vioo. Kioo kilipakwa utando wa jelatini, ile inayochemshwa kutoka kwa mifupa na ngozi za ng'ombe, ukiwa na chembe ndogo mno za chumvi ya fedha. Wapiga picha huuita emalsheni. Haukuhitaji kitu kingine cha kuuamsha, mwanga wenyewe ulitosha. Ukiangukia chembe, atomi chache za fedha hujitenga humo ndani. Lakini ukitazama huoni chochote! Picha imejificha, hadi uloweke kioo kwenye dawa, gizani, chini ya taa nyekundu hafifu. Hapo chembe zilizoguswa na mwanga hugeuka nyeusi. Zile nyingine huondolewa kwa dawa ya pili, la sivyo picha yote itaharibika ukiitoa nje.

Adui mkubwa alikuwa joto. Maji yakiwa ya uvuguvugu, jelatini hulegea na picha inaweza kubanduka kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Kwa hiyo baridi ya Nyeri, ambayo wengi wetu huilalamikia kila Julai, ilimfaa mpiga picha kuliko joto la Mombasa.

Picha hizo zilienda Italia, zikawaonyesha wafadhili Wagikuyu na maisha yao. Kinachonisumbua ni kwamba aliyeshika kamera ndiye aliyeamua nani aonekane, na vipi.

Mwaka wa 1909 Perlo akawa askofu. Alikuwa mtu wa kazi: misheni, mashamba, kiwanda cha mbao. Mwaka wa 1926, Giuseppe Allamano aliyeanzisha shirika alipofariki, Perlo akashika uongozi wote. Haikudumu. Vatikani ilituma mkaguzi, naye akaondolewa. Alifia Roma mwaka wa 1948, mbali na mlima aliouishi jirani kwa miaka zaidi ya 20.