Maisha ya Jørgen Skafte Rasmussen na Petroli Yenye Oili

Kila mwaka, msimu wa kupulizia mikorosho ukifika, katika vijiji vya Masasi na Newala husikika ngurumo za mashine ndogo zinazobebwa mgongoni, nazo hurusha salfa juu ya miti ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Mwenye mashine hatii petroli tupu ndani ya tangi. Huipima kwanza, akatia oili kiasi, akatikisa, ndipo akawasha. Wazee wachache ambao bado wana pikipiki za zamani hufanya vivyo hivyo. Miongoni mwa watu walioieneza desturi hii duniani, naamini hakuna aliyempita mtu mmoja wa Denmaki, ambaye habari zake nimeona vema kuwaletea wasomaji wa gazeti letu.

Jørgen Skafte Rasmussen alizaliwa tarehe 30 Julai 1878 katika mji wa bandari wa Nakskov. Baba yake alikuwa nahodha wa meli, akafariki Jørgen angali mtoto mdogo. Alipokua alikwenda Ujerumani kusoma uhandisi katika mji wa Mittweida, jimbo la Saksonia, na huko akabaki. Alianza kazi pamoja na mwenzake mjini Chemnitz, kisha yapata mwaka wa 1907 akahamia Zschopau, mji mdogo wa vilimani, katika jumba lililokuwa kiwanda cha nguo. Humo alitengeneza vifaa vya mitambo ya mvuke, na kimojawapo kilikuwa chombo cha kuondoa oili katika mvuke uliokwisha kutumika. Jambo hili linanichekesha kidogo, maana mtu aliyepata riziki yake kwa kutenga oili ndiye aliyekuja kutajirika kwa kuichanganya.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza petroli ilikuwa adimu, basi mwaka wa 1916 Rasmussen akajaribu kuunda gari la mvuke. Kwa Kijerumani jina la gari hilo lilifupishwa kuwa DKW. Gari halikufaulu, lakini herufi zile tatu zikabaki. Mwaka wa 1919 fundi aitwaye Hugo Ruppe alimletea injini ndogo ya mipigo miwili iliyofaa kuchezewa na watoto, na herufi zikapewa maana mpya ya haja ya mvulana. Baadaye injini ilikuzwa ikafungwa kwenye baisikeli, na herufi zikageuzwa tena, zikawa mwujiza mdogo. Tangu 1922 kiwanda kiliuza pikipiki kamili, na kufika 1928 kilihesabiwa kuwa kiwanda kikubwa cha pikipiki kuliko vyote duniani.

Hapa yafaa nieleze kwa nini injini hii ilipendwa. Injini ya mipigo minne ina valvu, na chini yake ina bakuli la oili. Injini ya mipigo miwili ya aina ya DKW, ambayo asili yake ni kazi ya Mwingereza Joseph Day mwaka wa 1891, haina valvu za namna hiyo wala bakuli la oili. Pistoni inapopanda huvuta hewa na petroli kuingia katika nyumba ya kranki, na inaposhuka huisukuma kwenda juu kwenye silinda. Kwa kuwa petroli hupita mle mle mwenye beringi, oili haiwezi kukaa humo peke yake. Dawa yake ni kuitia ndani ya petroli. Vyuma ni vichache na bei ni ndogo, na mtu maskini baada ya vita aliweza kuinunua.

Walakini urahisi huo una sharti lake, nalo ni kipimo. Pikipiki ya DKW iitwayo RT 125 ilitaka sehemu 1 ya oili kwa 25 za petroli, yaani mililita 40 kwa kila lita, au mililita 200 kwa dumu la lita 5. Pikipiki zilizotangulia, zenye bushi za shaba mahali pa beringi, mara nyingi zilitaka oili zaidi, kama 1 kwa 20 au hata 1 kwa 16. Injini za baadaye zenye beringi za sindano zilitosheka na 1 kwa 33, kisha 1 kwa 50, yaani mililita 20 tu kwa lita. Kwa hiyo anayeirithi pikipiki ya zamani asiige kipimo cha jirani yake, bali atafute kile cha injini yake mwenyewe. Oili ikipungua, pistoni hushikamana na silinda, na hapo gharama ni kubwa. Wengine hudhani kwamba kuzidisha oili hakudhuru. Sivyo. Plagi huchafuka na bomba la moshi huziba masizi. Zaidi ya hayo, mahali palipochukuliwa na oili petroli hupungua, hata injini ikachoma hewa nyingi kwa petroli chache na kupata moto kupita kiasi.

Tena wanaoshuka kutoka Newala kuelekea bondeni waangalie jambo hili. Mtu akifunga moto kabisa huku injini ikizungushwa na mteremko, petroli haiji, na oili haiji pia, kwa kuwa zinasafiri pamoja. Ni afadhali kufungua moto kidogo mara kwa mara. Katika motokaa za DKW waliweka kifaa cha kuyaacha magurudumu yazunguke bila kuikokota injini.

Rasmussen hakuridhika na pikipiki. Alitengeneza majokofu, akanunua sehemu kubwa ya kampuni ya Audi mwaka wa 1928, na mwaka wa 1931 akaonyesha motokaa ndogo iliyovutwa na magurudumu ya mbele. Lakini fedha nyingi zilikuwa za mkopo, na hali ya uchumi ikaharibika duniani pote. Mwaka wa 1932, kwa shauri la benki ya jimbo la Saksonia, DKW, Audi, Horch na Wanderer ziliunganishwa kuwa Auto Union, ambayo alama yake ilikuwa pete nne. Rasmussen alikuwa mmoja wa wakurugenzi, lakini hakupatana na wenzake, na mwishoni mwa 1934 akaondolewa. Mtu aliyeianzisha kazi akatolewa nje ya mlango wake mwenyewe. Alidai haki yake, wakapatana kwa malipo mwaka wa 1938, ila kiwanda hakikumrudia tena.

Wako wanaosema kwamba hakustahili sifa, kwani injini ya kwanza ilikuwa ya Ruppe, na RT 125 ya mwaka wa 1939 ilisanifiwa na Hermann Weber wakati yeye alikuwa amekwisha kuondoka. Mimi naona kwamba ni kweli hakuchora yote, lakini bila yeye kiwanda cha kuyaunda kisingalikuwapo Zschopau.

Baada ya Vita Kuu ya Pili RT 125 iliigwa kila mahali. Warusi walichukua mitambo wakaunda yao. Waingereza walitoa BSA Bantam mwaka wa 1948, Harley-Davidson ya Marekani ikatoa yake, na mwaka wa 1955 Yamaha ya Japani ilianza kazi ya pikipiki kwa YA-1, iliyofuata umbo lile lile. Weber mwenyewe alifariki Urusi mwaka wa 1948.

Rasmussen alikimbilia Flensburg vita vilipokwisha, na mwaka wa 1948 akarudi Denmaki. Alifariki mjini Copenhagen tarehe 12 Agosti 1964, mwenye umri wa miaka 86. Mwaka huo huo Yamaha ilitoa pikipiki ya mipigo miwili yenye tangi la oili la peke yake na pampu ya kuipima, na mwenye pikipiki hiyo hakuwa na haja tena ya kuchanganya kwa mkono.