Arthur Wharton: Mbio, Lango na Makaa ya Mawe

Jioni moja nilifika Malaba nikitokea Busia. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea Uganda, na kijana mmoja alikuwa akiyafukuza mabasi, mkononi karai la mayai ya kuchemsha. Jua liliposhuka aliliweka karai chini, akaingia langoni katika uwanja wa vumbi karibu na reli. Alidaka kama chui. Usiku ule, ndugu msomaji, usingizi ulinipaa nikimkumbuka marehemu Arthur Wharton, mtu aliyelipwa kwa mbio na akalipwa kwa kudaka.

Alizaliwa Accra, katika nchi iitwayo leo Ghana, tarehe 28 Oktoba, 1865. Babake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti kutoka kisiwa cha Grenada. Mamake alikuwa wa kabila la Wafante. Alipelekwa Uingereza kusomea uhubiri, lakini akaacha masomo akashika michezo. Mwezi wa Julai 1886, huko Stamford Bridge, London, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 kamili, akatwaa ubingwa. Mwaka uliofuata akautwaa tena. Wakati huo huo alikuwa kipa, kwanza wa Darlington, halafu wa Preston North End.

Hapa pana jambo. Siku zile mkimbiaji aliyepokea fedha hakuruhusiwa tena kushindana na mabwana waliokimbia kwa heshima tu. Heshima ya namna hiyo ni rahisi kwa mwenye chakula nyumbani! Wharton alichagua ujira. Mwaka 1888 alikimbia kwa malipo huko Sheffield, na 1889 akajiunga na Rotherham Town kwa mshahara. Ndiyo maana anahesabiwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza kandanda kama kazi. Na kazi ilikuwa ngumu, kwani washambuliaji waliruhusiwa kumpiga kipa kikumbo hata kama hana mpira. Husimuliwa kwamba aliweza kuning'inia kwenye mwamba wa goli na kuunasa mpira kwa miguu. Mimi nasadiki nusu.

Mwaka 1894 alichukuliwa na Sheffield United, lakini lango lilikuwa la Foulke, pandikizi la mtu, naye Wharton akawa wa akiba. Hata hivyo, mwaka 1895 alicheza dhidi ya Sunderland katika ligi ya daraja la kwanza. Kutoka hapo ni timu ndogo ndogo, mpaka 1902 alipoacha.

Mbio zikaisha, fedha zikaisha. Aliingia katika machimbo ya makaa ya mawe huko Edlington, akafa maskini mwezi wa Desemba, 1930. Alizikwa katika kaburi lisilo jina. Jiwe liliwekwa mwaka 1997, baada ya miaka 67, na mwaka 2014 akasimamishiwa sanamu mahali timu ya taifa ya Uingereza inapofanyia mazoezi.

Asubuhi nilimkuta yule kijana yuko mbioni tena. Nikanunua mayai mawili, nikamwuliza jina lake, nikaliandika katika daftari.