Hattie McDaniel na lahaja isiyo yake

Mtu akitazama filamu Gone with the Wind kwa mara ya kwanza, sauti inayombaki masikioni ni ya Mammy, yule mtumishi mweusi, mnene, anayemkaza binti wa bwana nguo ya kiuno huku akimgombeza. Mwanafunzi wa isimu hurudi kusikiliza mara ya pili. Anasikia r zikidondoka, konsonanti za mwisho zikimezwa, kitenzi cha kuwa kikiachwa pale ambapo kitabu cha sarufi kingekidai. Anaandika daftarini: Kiingereza cha weusi wa Kusini mwa Marekani. Kisha anasoma maisha ya mwigizaji na kukuta kwamba Hattie McDaniel hakuzaliwa Kusini wala hakukulia huko.

Alizaliwa Wichita, jimbo la Kansas, tarehe 10 Juni 1893, kitinda mimba wa familia ya watoto 13. Baba yake, Henry, na mama yake, Susan, walizaliwa utumwani. Baba alipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe upande wa Kaskazini. Mama aliimba nyimbo za dini. Familia ilihamia Colorado, na Hattie akasomea Denver, katika madarasa ambamo watoto weusi walikuwa wachache sana kati ya wazungu. Mwaka 1910 alipata medali ya dhahabu katika shindano la kughani lililoandaliwa na chama cha wanawake Wakristo waliopinga ulevi. Hilo tusiliruke. Msichana huyu alikuwa ameshapewa tuzo kwa kusema Kiingereza cha shule mbele ya watu.

Lakini Kiingereza cha shule hakikuwa na soko kwa mwanamke mweusi. Soko lilikuwa kwenye maonyesho yaliyoitwa minstrel, ambayo wazungu waliyaanzisha katika karne ya 19 kwa kujipaka masizi usoni na kuiga watu weusi, na ambayo baadaye weusi wenyewe waliyaingia kwa kuwa ndiyo jukwaa lililowapa mkate. Ndugu zake walikuwa na kundi lao, na mwaka 1914 yeye na dada yake Etta walianzisha onyesho la wanawake watupu. Kaka yake Otis, aliyekuwa nguzo ya kundi la familia, alifariki mwaka 1916. Katika miaka ya 1920 Hattie alizunguka na bendi ya George Morrison wa Denver, akaimba katika redio KOA ya mji huo, akiwa miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza kusikika redioni Marekani, na kati ya 1926 na 1929 akarekodi nyimbo za bluzi, baadhi akizitunga mwenyewe.

Uchumi ulipoanguka mwaka 1929 alijikuta Milwaukee, katika klabu moja ya nje ya mji, kazi yake kusimama kwenye choo cha wanawake na kuwapa wateja taulo. Wenye klabu hawakutaka mwimbaji mweusi jukwaani, mpaka usiku mmoja alipopewa nafasi. Baada ya hapo hawakuweza kumwondoa. Mwaka 1931 alihamia Los Angeles, ambako kaka yake Sam na dada zake walikuwa wametangulia. Sam alimwingiza katika kipindi cha redio KNX, na hapo Hattie akajulikana kama mtumishi mwenye majivuno asiyejua mipaka yake. Malipo yalikuwa madogo mno hata ikambidi afanye kazi ya kweli ya utumishi majumbani. Alifua na kupika kwa watu, kisha akaenda studio kumwigiza mtu anayefua na kupika.

Filamu zilianza mwaka 1932. Jina lake liliandikwa katika filamu zipatazo 80, na katika nyingine nyingi alipita bila kutajwa, akifungua mlango au kubeba sinia. Alimtumikia Mae West katika I'm No Angel mwaka 1933, akaimba pamoja na Will Rogers katika Judge Priest ya John Ford mwaka 1934, na mwaka 1936 akacheza Queenie katika Show Boat pamoja na Paul Robeson. Ningependa msomaji atafute Alice Adams ya mwaka 1935. Familia isiyo na uwezo imekodi mtumishi kwa jioni moja ili imridhishe mgeni tajiri, na McDaniel anahudumia mezani huku akitafuna ubani, kofia ikimtelezea kichwani, uso umenuna. Hasemi mengi, lakini kila akiingia na sahani, uongo wa familia ile unazidi kuonekana. Hapo hakuhitaji lahaja ya mtu yeyote.

Ndipo ikaja Gone with the Wind mwaka 1939. Riwaya ya Margaret Mitchell ilikuwa imeandika maneno ya Mammy kwa tahajia iliyovunjwavunjwa, kila neno limekatwa ili msomaji aone kwa macho kwamba msemaji hakusoma. Wazungu wa Georgia wa wakati huo nao hawakutamka r mwishoni mwa silabi, ila katika kitabu hichohicho maneno yao yameandikwa kwa tahajia ya kamusi. Tofauti ya sauti ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya wino. Nikisoma habari hii nakumbuka vile vijitabu vya Kiswahili vilivyochapwa kwa ajili ya wazungu wa Katanga wakati wa ukoloni, vimejaa amri: leta, ondoa, osha. Humo mtumishi hana sentensi ndefu ya kujibu.

Studio ilimwajiri Susan Myrick, mwandishi wa gazeti kutoka Macon, Georgia, awafundishe waigizaji matamshi na desturi za Kusini. Vivien Leigh, Mwingereza, alifundishwa. McDaniel, mtoto wa Colorado, naye alitakiwa kuivaa sauti ya Georgia. Vivien Leigh aliposhika lafudhi, watazamaji walisifu ufundi wake. McDaniel alipoishika, wengi walidhani ndivyo anavyosema kwake. Kwa maoni yangu hakuna jambo lililomwumiza kikazi kuliko hilo: kufanya kazi vizuri hata isionekane kuwa ni kazi.

Filamu ilizinduliwa Atlanta mwezi Desemba 1939, na sheria za ubaguzi za Georgia zikamzuia kukaa ukumbini na wenzake. Tarehe 29 Februari 1940 alipewa Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, akimshinda Olivia de Havilland wa filamu hiyohiyo. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Sherehe ilifanyika katika hoteli ya Ambassador, Los Angeles, ambayo haikupokea weusi. Mtayarishaji David O. Selznick alilazimika kumwombea ruhusa ya kuingia, na meza yake ndogo iliwekwa kando, ukutani, mbali na meza ya wenzake. Hotuba yake fupi imehifadhiwa kwenye filamu. Kiingereza chake ni kile cha medali ya 1910: konsonanti zote zipo, sentensi zimekamilika, mapumziko yako mahali pake. Ukiisikiliza mara tu baada ya filamu yenyewe, utadhani ni watu wawili.

Tuzo haikumletea nafasi nyingine isipokuwa aproni nyingine. Na lawama zikaongezeka kutoka upande wa watu wake. Walter White, kiongozi wa NAACP, chama kilichotetea haki za weusi, alikwenda Hollywood mwaka 1942 kuwabana wakubwa wa studio wawape weusi nafasi zenye heshima. Waigizaji wa zamani walisikia hilo kama tishio: watumishi wakifutwa kwenye filamu, nani atawalipa wao? Jibu linalohusishwa na McDaniel ni kwamba ni afadhali kulipwa mamia ya dola kuigiza mtumishi kuliko kulipwa dola saba kuwa mtumishi. Wengine huliona jibu hilo la kijanja, wengine la aibu. Mimi naona linaweza kuwa yote mawili. White alikuwa na haki kuhusu picha ambayo mamilioni waliiona. McDaniel alikuwa na haki kuhusu kodi ya nyumba. Lena Horne, msichana ambaye White alimtegemea abadili mambo, alieleza baadaye kwamba waigizaji wengi weusi walimtenga alipofika, ila McDaniel alimkaribisha kwake na kumtia moyo.

Nyumba hiyo aliyomkaribishia nayo ina kisa. Ilikuwa mtaa wa West Adams, sehemu iliyoitwa Sugar Hill, ambako hati za viwanja zilikataza kuuziwa weusi. Majirani wazungu waliwashtaki wenye nyumba weusi, McDaniel akiwa mmoja wao. Wakili Loren Miller aliwatetea, na Desemba 1945 jaji akaitupa kesi kwa msingi wa katiba. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama yoyote haiwezi kutekeleza makatazo ya namna ile nchini kote. Hapo pia Miller alikuwa kati ya mawakili.

Katika habari ya sauti, hatua kubwa ilikuja mwaka 1947. Redioni palikuwa na mtumishi mweusi aliyeitwa Beulah, na aliyembuni na kumwigiza alikuwa mwanaume mzungu, Marlin Hurt. Alisimama studioni akiwapa watazamaji mgongo, zamu yake ikifika akageuka ghafla na kusema kwa sauti ya mwanamke mweusi, na ukumbi ukaangua kicheko. Hurt alifariki mwaka 1946, mwanaume mzungu mwingine akamrithi. Tarehe 24 Novemba 1947 nafasi ikamfikia McDaniel, katika CBS, jioni tano kwa wiki, dola 1,000 kwa wiki. Sharti alilotia ni kwamba hatalazimishwa kusema lahaja. Beulah akabaki jikoni mwa wazungu, akabaki mwenye mizaha, lakini matamshi yake yakawa ya mwanamke wa Denver.

Hatua hii hutajwa kwa nusu sentensi katika habari za maisha yake, Oscar ikipewa kurasa. Mimi ningegeuza vipimo. Oscar alipewa na wengine; sharti la lugha alilidai mwenyewe, akiwa na miaka 54, baada ya miaka 15 ya kusomewa matini zilizoandikwa na watu ambao hawakuwahi kuulizwa walizisikia wapi sentensi zile. Na wasikilizaji hawakukimbia. Kipindi kilipendwa.

Beulah alipohamia televisheni ya ABC mwaka 1950, wa kwanza kumwigiza alikuwa Ethel Waters. Alipojitoa, McDaniel alichukua nafasi mwaka 1951, akarekodi vipindi sita, kisha moyo ukamshinda, na Louise Beavers akampokea kazi. Waters na Beavers walikuwa majirani zake wa Sugar Hill, kwa hiyo Beulah wote watatu wa televisheni walitoka mtaa mmoja ambao hati zake ziliwakataa. Ndoa nne za McDaniel sitazieleza. Mbili zilikatwa na kifo cha mume, mbili na talaka, na hakuacha mtoto.

Saratani ya matiti ilimwua tarehe 26 Oktoba 1952, akiwa na miaka 59. Alikuwa ameomba azikwe katika makaburi ya Hollywood, penye waigizaji wenzake. Wenye makaburi wakakataa kwa sababu ya rangi yake, akazikwa Rosedale. Oscar yake aliiacha kwa Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Ilipotea huko na haijapatikana. Mwaka 1999 wamiliki wapya wa makaburi ya Hollywood walisimamisha jiwe la kumbukumbu kwa jina lake, na mwaka 2023 Howard ilikabidhiwa tuzo nyingine badala ya iliyopotea. Rekodi za Beulah za redioni, baadhi yake, bado zipo, na anayetaka kusikia jinsi alivyochagua kusema anaweza kuanzia hapo.