Sheikh Muhammad Abduh na milango ya Azhar

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ya madrasa moja hapa Dar es Salaam. Tulikuja na mambo mapya: daftari la mahudhurio, madarasa kwa umri, mtihani kila mwisho wa muhula, na kitabu kimoja cha fiqhi badala ya kila ustadh na chake. Tukayapitisha baada ya Alasiri, takbir zikapigwa, tukala pilau. Hata mwaka haukuisha. Lile daftari nililikuta juu ya kabati, limeandikwa kurasa nne tu, na maustadh wamekwisharudi kwenye utaratibu wao. Sisi wanakamati tukasema hawa watu hawapendi maendeleo. Nami nilikuwa mbele katika kulaumu.

Lawama hizo zilinipungua nilipoanza kusoma maisha ya Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, Mwenyezi Mungu amrehemu. Najua wapo wasioafikiana na fatwa zake, na huo ni mjadala mwingine. Mimi nazungumzia miaka kumi aliyoitumia akijaribu kukibadili chuo kikongwe cha Azhar.

Alizaliwa mwaka 1849 katika vijiji vya Delta ya Mto Nile. Mwaka 1862 alipelekwa Tanta kusoma katika Msikiti wa Ahmadi, na huko hakuelewa kitu. Walimu walianza na istilahi za nahau ambazo hakuna aliyemfafanulia mtoto maana yake. Baada ya mwaka na nusu akatoroka, akarudi kijijini akiwa ameamua kuwa mkulima, akaoa. Aliyemwokoa ni mjomba wa baba yake, Sheikh Darwish, ambaye alimsomesha kidogo kidogo na kumweleza maana ya anachokisoma. Ndipo mwaka 1866 akaingia Azhar. Jeraha la Tanta hakulisahau.

Mwaka 1877 akapata shahada ya uanachuoni, tena ya daraja la pili, kwa kuwa baadhi ya watahini hawakufurahia uhusiano wake na Jamaluddin al-Afghani. Baada ya vuguvugu la Urabi mwaka 1882 alifukuzwa nchini, akaishi Beirut na Paris, akarudi Misri mwaka 1888 na kufanywa kadhi katika mahakama za serikali. Alipotawala Khedive kijana, Abbas Hilmi wa Pili, Sheikh akaona mlango umefunguka. Mwaka 1895 likaundwa baraza la uendeshaji la Azhar, naye akawa mjumbe wake.

Hebu tutazame alianzia wapi. Nilidhani mtu mwenye uchungu wa Tanta angeanza na vitabu. Kumbe baraza lilianza na tumbo la mwalimu. Mishahara ilikuwa midogo na ikigawiwa kwa kujuana, huyu akipata na yule akikosa. Ikawekwa kanuni ya malipo, na fedha zikatafutwa serikalini na katika wakfu. Mgawo wa mikate kwa wanafunzi nao ukatazamwa upya. Yakaja maji safi, taa, na daktari. Vitabu vilivyokuwa vimetawanyika, vingine vikiliwa na mchwa, vikakusanywa kuwa maktaba moja. Mambo haya yalipita, kwani hakuna sheikh atakayegombana na taa.

Hata hivyo si yote ya afya yaliyopokelewa. Mwaka 1896 kipindupindu kilipoingia, maofisa walikuja kumchukua mwanafunzi mgonjwa katika bweni la Washami. Wenzake wakakataa, polisi wakafyatua risasi ndani ya Azhar, na wanafunzi wakauawa. Agizo la afya lilikuwa na maana, lakini lilifika na bunduki, kutoka serikali iliyokuwa chini ya Waingereza. Baada ya siku ile, ni nani angemlaumu mwanafunzi wa Azhar kwa kulitilia shaka kila jambo jipya?

Ugumu hasa ulikuwa darasani. Kanuni ya mwaka 1896 iliingiza hesabu na aljebra miongoni mwa masomo, na kulikuwa na mpango wa kuwaepusha wanafunzi wachanga na vitabu vya kufafanua ufafanuzi wa vitabu. Hapo ikaguswa heshima ya watu. Mzee aliyetumia miaka 30 kuijua hashiya moja anaambiwa kwamba hashiya yake inampotezea kijana muda! Mshahara wake umepanda, sawa, lakini yeye mwenyewe ameshushwa. Wengi hawakubisha barazani. Walikwenda zao madarasani wakasomesha kama jana. Hapo nililikumbuka daftari letu juu ya kabati.

Kisha mlango wa juu nao ukafungwa. Sheikh, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1899, alipinga mabadilishano ya ardhi ya wakfu yaliyokuwa na faida kwa Khedive. Khedive akamgeukia. Aliyebaki kumkingia kifua ni Lord Cromer, mwakilishi wa Uingereza, na kinga hiyo ikawapa wapinzani silaha: huyu ni mtu wa Waingereza. Machi 1905 alijiuzulu barazani pamoja na rafiki yake Abdul-Karim Salman. Tarehe 11 Julai mwaka huohuo alifariki Alexandria.

Je, kazi yake ilipotea? Mwaka 1907 ilifunguliwa shule ya makadhi aliyoipendekeza, nje ya Azhar, mahali ambapo hapakuwa na mzee wa kushushwa. Mwanafunzi wake, Mustafa al-Maraghi, akawa Sheikh wa Azhar mwaka 1928, akashindwa, akajiuzulu, akarudi mwaka 1935. Huku kwetu Pwani, fikra hizo zilimfikia Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa kupitia jarida la Al-Manar, naye mwaka 1932 akaanzisha gazeti lake, Al-Islah.

Kamati yetu inakutana tena Jumapili. Ajenda niliyoletewa inaanza na mtihani na sare. Nimeomba posho za maustadh, ambazo zina miezi mitatu hazijalipwa, ziwe ajenda ya kwanza. Nimeomba pia Maalim mkongwe kuliko wote, ambaye mara ile hatukumwita hata kwenye pilau, aje atueleze yeye angependa watoto waanze na kitabu gani.