Georges Vézina, mlinda lango aliyecheza na homa mpaka akaanguka kwenye barafu

Tarehe 28 Novemba 1925, katika kiwanja cha Mount Royal Arena mjini Montreal, inchini Kanada, mlinda lango wa ekipe ya Canadiens aliingia kucheza akiwa na homa ya karibu nyuzi 39. Jina lake Georges Vézina, mwenye miaka 38. Tangu aanze kazi hiyo miaka 15 mbele, hakukosa mchezo hata mmoja wa ekipe yake. Siku hiyo alimaliza kipindi cha kwanza bila kufungwa. Wakati wa mapumziko alitapika damu, kisha akarudi langoni. Kipindi cha pili kilipoanza, alianguka mbele ya goli lake, wakamwondoa kiwanjani. Hakucheza tena.

Mchezo wake ulikuwa hoki ya barafu, mchezo wa inchi za baridi kali. Leo kila upande una wachezaji sita wanaovaa patini, viatu vyenye chuma chembamba chini, wakiteleza juu ya barafu na kusukuma kwa fimbo kisahani cheusi cha mpira mgumu. Siku hizi mlinda lango anajifunika toka kichwa mpaka miguu. Wakati wa Vézina walinda lango walisimama uso wazi, na kisahani kile kikimpata mtu usoni kinavunja meno. Yeye mara nyingi alivaa tu kofia ya sufu kichwani.

Alizaliwa tarehe 21 Januari 1887 Chicoutimi, mji mdogo kando ya mto Saguenay, kilometa 200 hivi kaskazini ya mji wa Québec. Baba yake alikuwa fundi wa mikate, na Georges aliacha masomo akiwa na miaka 14 ili amsaidie. Hoki aliijifunza barabarani pamoja na vijana wa mtaa, lakini kwa viatu vya kawaida. Patini alizivaa mara ya kwanza akiwa na miaka 16, umri ambao watoto wengi wa Kanada walikuwa wamekwisha kuteleza miaka kumi. Labda ndiyo sababu alipenda kubaki langoni, mahali ambapo jicho na mkono vina kazi kuliko mwendo.

Ekipe ya Canadiens iliundwa Desemba 1909. Montreal ilikuwa na klabu kubwa za hoki, ila zilikuwa za watu wa Kiingereza, na Canadiens ilitafutwa iwe ekipe ya wasema-Kifaransa. Februari 1910 ilisafiri mpaka Chicoutimi kucheza mchezo wa kirafiki na vijana wa pale, ambao hawakulipwa chochote. Vijana wa Chicoutimi walishinda. Mlinda lango wa Canadiens siku hiyo, Joseph Cattarinich, aliona kazi ya Vézina upande wa pili, na alipofika Montreal yeye mwenyewe aliwasukuma wakubwa wa ekipe wamwite kijana huyo. Ni watu wachache wanaoweza kusifu mtu atakayechukua nafasi yao. Cattarinich aliacha kucheza, na jina lake litarudi katika maisha ya Vézina mara nyingine.

Vézina hakukubali mara moja. Alikuwa amekwisha kuoa na kazi yake ilikuwa nyumbani. Desemba 1910 ndipo alifika Montreal pamoja na kaka yake Pierre. Pierre hakuchukuliwa, Georges akaandikishwa kwa dola 800 msimu mzima. Tarehe 31 Desemba alicheza mara ya kwanza, dhidi ya Ottawa. Msimu huo ulikuwa na michezo 16 na aliicheza yote. Huo ukawa mwanzo wa hesabu ambayo watu wa hoki wanaikumbuka mpaka leo: michezo 328 ya ligi mfululizo, na mingine 39 ya mwisho wa msimu, ile ya kutafuta kombe. Kila baridi ilipoisha alirudi Chicoutimi, mahali alipokuwa na kiwanda kidogo cha kutengeneza ngozi.

Sheria za siku zile zilimbana sana mlinda lango. Hakuruhusiwa kujitupa chini wala kupiga magoti ili kuzuia kisahani. Aliyelala kwenye barafu alipewa azabu. Sheria ilibadilishwa Januari 1918 tu, katika msimu wa kwanza wa ligi ya NHL, ligi ambayo mpaka leo ndiyo kubwa zaidi ya mchezo huo. Vézina, ambaye alizoea kufanya kazi amesimama, aliendelea kusimama. Tarehe 18 Februari mwaka huo akawa mlinda lango wa kwanza wa NHL kumaliza mchezo bila kufungwa, Canadiens ilipoipiga Toronto 9 kwa 0.

Utulivu wake langoni ulimpa jina la utani: Tango la Chicoutimi, kwa sababu tango ni baridi hata siku ya jua. Hakupiga kelele wala kugombana na waamuzi. Mchezo wenyewe ulikuwa wa fujo, fimbo zikipasua watu vichwa, na katika picha za ekipe yake yeye anaonekana kama mwalimu aliyeingia kati ya wapiganaji.

Mwaka 1916 Canadiens ilichukua Kombe la Stanley mara ya kwanza, baada ya michezo mitano na Portland, ekipe ya Marekani. Usiku wa mchezo wa mwisho, mke wake alizaa mtoto wao wa pili wa kiume, wakamwita Marcel Stanley. Hao wawili ndio watoto wake waliojulikana. Wasomaji wa magazeti ya zamani walielezwa habari nyingine kabisa, kwamba alikuwa na watoto 22, wakiwemo mapacha watatu-watatu mara kadhaa. Habari hiyo ilitoka kwa mkubwa wa ekipe, Léo Dandurand, mtu aliyejua kuuza tiketi, na ilirudiwa miaka mingi bila mtu kwenda Chicoutimi kuhesabu.

Mwaka 1919 Canadiens ilikuwa Seattle, Marekani, ikitafuta kombe tena, wakati mafua makali yaliyoitwa ya Kihispania yalikuwa yanaua watu dunia nzima. Wachezaji kadhaa walilala vitandani, mchezo wa mwisho ukafutwa, na Joe Hall, mlinzi wa Canadiens, alikufa tarehe 5 Aprili katika lopitali ya pale. Kombe halikupewa mtu mwaka huo. Vézina alirudi nyumbani salama.

Mwaka 1921 mwenye ekipe alikufa, na watu watatu waliinunua kwa dola 11,000: Dandurand, Louis Létourneau na Joseph Cattarinich, yule mlinda lango wa zamani. Mtu aliyemleta Vézina Montreal akawa sasa mmoja wa wanaomlipa. Wakaleta vijana wenye nguvu, kama Howie Morenz na Aurèle Joliat, na mwaka 1924 kombe likarudi. Msimu uliofuata Vézina, mwenye miaka 38, alifungwa kwa wastani goli 1.81 tu kwa kila mchezo. Hakukuwa na mlinda lango mwingine katika ligi aliyemshinda, hata vijana wa miaka 25.

Kwa hiyo msimu wa 1925-1926 ulipofunguliwa, ekipe ilimtegemea kama siku zote. Ligi ilikuwa imekua: ekipe saba, mbili kati yake zikiwa mpya, ya New York na ya Pittsburgh, na kila moja ilikuwa na michezo 36. Mchezo wa tarehe 28 Novemba ulikuwa na hiyo ya Pittsburgh. Vézina alikuwa amekwisha kupungua uzito sana, lakini hakuwa mtu wa kulalamika, na mtu ambaye miaka 15 hakukosa kazi, ni nani angemuuliza kama anaweza kusimama? Sifa yake ya kutokosa ndiyo iliyomfunika. Alipoanguka, nafasi yake ilichukuliwa na Alphonse Lacroix, aliyekuwa mlinda lango wa Marekani katika michezo ya Olimpiki.

Waganga walimpima wakakuta kifua kikuu, nacho kilikuwa kimekwisha kuenea. Kijidudu cha ugonjwa huo kilijulikana tangu mwaka 1882, lakini dawa ya kukiua haikuwepo. Mgonjwa alipewa kitanda, hewa safi, chakula kizuri, kisha watu walingoja. Streptomycin, dawa ya kwanza iliyokishinda kweli, ilipatikana mwaka 1943. Leo mgonjwa anayekohoa wiki mbili mfululizo, akitoka jasho usiku na kupungua uzito, akipimwa mapema anapona kwa vidonge vya miezi sita. Vézina alikohoa miaka 18 mapema mno.

Siku chache baada ya kuanguka, alirudi mara moja katika chumba cha kuvalia cha Canadiens. Alikaa kwenye kona yake, wakamwona analia. Kitu alichoomba ni jezi aliyovaa kwenye michezo ya mwisho ya kutafuta kombe. Kisha akarudi Chicoutimi. Alikufa kwenye lopitali ya Hôtel-Dieu tarehe 27 Machi 1926, akiwa na miaka 39.

Ekipe aliyoiacha ilianguka pamoja naye. Kati ya tarehe 13 Februari na 13 Machi 1926 Canadiens ilipoteza michezo 12 mfululizo, na mpaka leo haijapata kipindi kibaya kuliko hicho. Ilimaliza ya saba kati ya ekipe saba: ushindi 11, kushindwa 24, sare moja. Siku tatu baada ya kifo cha Vézina, michezo ya mwisho ya Kombe la Stanley ilifunguliwa Montreal bila Canadiens. Kombe lilichukuliwa na Maroons, ekipe ya pili ya mji huo, ile ya wasema-Kiingereza.

Dandurand, Létourneau na Cattarinich walitoa kombe lenye jina la Vézina, lipewe kila mwaka mlinda lango wa ekipe iliyofungwa magoli machache zaidi katika ligi. Tangu miaka ya 1980 linatolewa kwa kura za viongozi wa ekipe, na bado ni heshima ya juu kwa walinda lango wa NHL. Mwaka 1945 jina lake liliwekwa kati ya 12 ya kwanza katika nyumba ya heshima ya hoki, na kiwanja cha barafu cha Chicoutimi kinaitwa kwa jina lake.

Nafasi yake Montreal ilichukuliwa na George Hainsworth. Ndiye aliyeshinda kombe la Vézina mara ya kwanza, na mara ya pili, na ya tatu. Msimu wa 1928-1929 alicheza michezo 44, na katika 22 kati ya hiyo hakufungwa hata goli moja.