Lumumba na jino ambalo ADN haikulipima

Wasikilizaji wetu wanajua barabara na shule zenye jina la Patrice Lumumba. Habari ya jino lake, wengi wameisikia nusu nusu tu.

Alizaliwa tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 1925 kule Onalua, katika Sankuru. Akiwa kijana alitumika kwenye posta ya Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Mwaka 1958 akaanzisha chama cha MNC pamoja na wenzake, na mwezi wa 6 mwaka 1960 akawa waziri mkuu. Hata miezi mitatu haikutimia, akaondolewa.

Alikamatwa mwezi wa 12 akiwa njiani kurudi Kisangani kwa watu wake. Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961 wakampeleka kwa ndege mpaka Élisabethville (Lubumbashi), na usiku uleule akapigwa risasi pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Kisha ikaja kazi ya kufuta alama. Gérard Soete, komisari wa polisi Mbeleji, na mwenzake walifukua miili, wakaikata, wakaiyeyusha katika asidi. Soete akabakiza jino, akaenda nalo kwao. Karibu miaka 40 baadaye alikuja kulieleza yeye mwenyewe.

Mwaka 2011 jamaa ya Lumumba ilipeleka mashtaka Ubelgiji, na mwaka 2016 sheria ikalikamata jino kwa jamaa ya Soete, yeye akiwa amekwisha kufa. Sasa hapa mtu atasema: si wapime ADN, walinganishe na ya watoto wake, mambo yaishe? Kumbe si rahisi hivyo. ADN ya jino inafichama ndani, chini ya ganda gumu. Ili kuipata, watu wa labo wanalitoboa ao wanalisaga kuwa unga. Mwili ukiwepo, jino moja si kitu. Lakini hapa hapakuwa na mwili. Kulipima ilikuwa kuliharibu, na parke ya Ubelgiji ilikubali kwamba bila kipimo hakuna uhakika kamili.

Wakaliacha zima. Mimi naona walifanya vema: watoto walingoja miaka 61 kupata kitu cha kuzika, si karatasi ya labo.

Walikabidhiwa Brussels tarehe 20 mwezi wa 6 mwaka 2022. Jeneza likapita Onalua, Kisangani na Lubumbashi, likazikwa Kinshasa tarehe 30. Lilikuwa jeneza la kipimo cha mtu mzima, na ndani yake jino moja.