Erlang na Hesabu ya Foleni

Mkazi wa Mbagala, wilayani Temeke, anapotuma fedha kwa simu mwisho wa mwezi na jibu likakawia, husema mtambo umeharibika. Mara nyingi mtambo ni mzima, ila umeelemewa. Kazi ya msanifu wa uwezo wa mitambo ya kompyuta, iwe katika kituo cha data cha Kijitonyama, Kinondoni, au ng'ambo, ni kuuona mzigo huo kabla haujafika. Nguzo ya elimu yake iliwekwa na mtu ambaye hakuwahi kuiona kompyuta ya kielektroniki.

Agner Krarup Erlang alizaliwa tarehe 1 Januari 1878 katika kijiji cha Lønborg, Denmark, mtoto wa mwalimu. Alihitimu Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1901, akafundisha shule kwa miaka kadhaa, na mwaka 1908 akaingia Kampuni ya Simu ya Copenhagen. Mji huo umejengwa visiwani, na wasomaji wetu wa Unguja na Pemba watalielewa upesi swali alilokabidhiwa, kwani ni swali la bandarini: watu huja kwa nasibu, vyombo ni vya kuhesabika, viwe vingapi ili watu wasisubiri mno, wala fedha isipotee kwa vyombo visivyo na kazi?

Hakuwa mtu wa kukisia akiwa mezani. Alipohitaji kupima nyaya alizunguka mitaani, kibarua akimfuata na ngazi, akashuka mwenyewe mashimoni. Mwaka 1909 alitoa makala yake ya kwanza juu ya nasibu ya simu, na mwaka 1917 kanuni zilizomjengea jina. Tuchukue mfano. Mazungumzo yanayotakiwa yakitosha kuijaza njia moja ya simu saa nzima, basi penye njia moja nusu ya wapigaji watakosa nafasi. Penye mbili, atakosa mmoja kati ya watano. Penye tatu, mmoja kati ya kumi na sita.

Penye foleni mambo ni mazito zaidi. Kazi zikija kwa nasibu kwenye mtambo mmoja unaotumika kwa asilimia 50, kila kazi huchukua, kwa wastani, mara mbili ya muda wake. Kwa asilimia 90 huwa mara kumi. Kwa asilimia 95, mara ishirini. Kwa hiyo afisa anayejisifu kwamba mtambo wa idara yake haupumziki hata kidogo, sisi tunamwona amewanunulia wananchi foleni kwa fedha yao wenyewe.

Erlang hakuoa. Muda wake aliutoa kwa kazi na vitabu, na wahitaji waliomfuata kazini aliwasaidia kimyakimya. Alifariki tarehe 3 Februari 1929, akiwa na umri wa miaka 51. Mwaka 1946 kamati ya kimataifa ya simu ililifanya jina lake kuwa kipimo: njia moja iliyojaa saa nzima ni erlangi moja.